Fundi wa bati wa hapa Chumbageni, Tanga: ameniokoa nisiezue paa zima

Masika haya paa langu lilianza kuvuja chumba wanacholala wajukuu, kisha sebuleni, dari ikafanya duara la kahawia. Fundi wa kwanza alisimama uani, akatazama juu, akasema, "Mama, hapa ni kuezua lote." Milioni nane. Usiku ule sikulala, nawaza mkopo wa vikoba.

Jirani akaniletea kijana mwingine. Huyu hakuanza na bei. Aliamkia, akaomba ngazi, akapanda darini saa saba mchana jua likiwaka, kisha akaniita nami nichungulie. Giza tupu, na ndani yake vitundu vya mwanga vimejipanga mstari, karibu vyote kwenye misumari. Akachoma kenchi (mbao kubwa zinazobeba paa) na papi (mbao ndogo zinazopigiliwa bati) moja moja kwa bisibisi. Kenchi zote nzima, papi tatu tu zimeliwa na mchwa.

Nje, upande wa baharini mabati yalikuwa yamekwisha: akibonyeza kwa kidole gumba yanabonyea, magamba ya kutu yanadondoka. Ni geji 30 (kipimo cha unene wa bati) ya mwaka 1998, na upepo wa chumvi haulali. Upande wa barabarani bati bado gumu. Kosa la huko ni misumari kulegea, na mingine ilipigwa bondeni, njia yenyewe ya maji, badala ya mgongoni.

Basi tukaezua upande mmoja tu. Mabati mapya 22 ya geji 28 (jamani, namba ya geji ikipungua ndipo bati linakuwa nene, msikubali kugeuziwa dukani), kofia mpya (bati la kufunika kilele cha paa), papi tatu. Upande wa pili aling'oa misumari, akaziba matundu ya bondeni, akafunga skrubu zenye mpira. Siku tatu, milioni moja na laki nne, ufundi laki mbili na nusu humo humo. Tangu hapo mvua kubwa imenyesha mara mbili, hakuna tone. Na hakunidanganya: upande wa barabarani kaupa miaka mitano au sita, baada ya hapo nao uezuliwe. Nimeshaanza kuweka akiba.

Lililoniudhi: alichelewa siku mbili bila hata simu, na misumari ya zamani aliiacha uani, niliokota kopo zima, nami nina watoto wanaokimbia peku. Nilimwambia waziwazi. Kesho yake alfajiri alikuja na sumaku, akaipitisha mchangani hadi mlangoni kwa jirani.