TAHADHARI: Wanaopita maofisini na madukani kufunga tyubu za LED hapa Dar

Ndugu zangu wenye maduka, zahanati, ofisi na vituo vya tuisheni, kuna watu wanapita Sinza, Mwenge na Kijitonyama wakisema wanabadilisha taa za tyubu kuwa LED kwa bei ya kiwandani. Wanakuja wawili, wamevaa vizuri, wana sampuli na kadi ya waranti ya miaka miwili. Mimi ni fundi umeme, na ndiye ninayeitwa wakishaondoka. Nisiponyamaza leo ni kwa sababu naogopa atakufa mtu.

Sampuli wanayokuonyesha ni nzuri kweli: nzito, mwanga umetulia. Ukishalipa nusu, mzigo unaoletwa ni mwingine. Risiti ni ya kuandika kwa mkono, hakuna ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Kadi ya waranti haina jina la duka wala mtaa, ina namba ya simu tu, na taa zikianza kupepesa namba hiyo haipatikani tena.

Wanakushawishi kwa kusema LUKU (umeme wa kulipia kabla) itashuka nusu. Tyubu ya futi nne ya wati 36, ukijumlisha na choki yake (kile kidude kizito cha kudhibiti umeme wa tyubu), inakula kama wati 45. LED ya kweli inakula 18. Kwa hiyo kwenye taa unaokoa, hilo sibishi. Ila ofisi yenye AC na friji haiwezi kuona bili nzima ikishuka nusu kwa sababu ya taa, na anayekuahidi hivyo anajua anakudanganya.

Kinachoniuma zaidi ni walivyounga waya. Kwenye kituo kimoja cha tuisheni wameng'oa choki zote wakaondoka nazo. Choki ina shaba, na shaba ina soko kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tena kuzing'oa hakukuwa na ulazima: tyubu nyingi nzuri zinakuja na stata yake ya LED (kile kidude kidogo cha duara cha kuchomeka), na fitingi, yaani fremu inayoshika tyubu, ikiwa na choki ya kawaida unatoa stata ya zamani, unaweka hiyo, kazi imeisha. (Fitingi yenye choki ya elektroniki ni habari nyingine, hiyo lazima iungwe upya.)

Fitingi nyingine wamepeleka laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) upande mmoja. Nyingine, chumba hichohicho, laivu huku na nyutro kule. Hakuna kibandiko hata kimoja kinachosema ipi ni ipi. Ile ya upande mmoja, ukiigeuza tyubu tu, ni shoti na breka inaruka. Ile ya pande mbili ni mbaya zaidi: ukiingiza kwanza upande wenye laivu, umeme unapita ndani ya tyubu hadi kwenye pini za upande wa pili, na wewe uko juu ya ngazi umezishika. Nilipogusa tesita (bisibisi ya kupimia umeme) kwenye mgongo wa alumini wa tyubu mojawapo ikiwa inawaka, tesita nayo ikawaka. Nikaifungua hiyo tyubu. Kibao chenye vitaa vya LED kimelala moja kwa moja juu ya alumini, na waya wa laivu umechunika pale unapoingia, hakuna hata karatasi ya kuutenga. Chini yake wanakaa watoto.

Kabla ya kutoa hela, mwambie afungue boksi moja kutoka kwenye mzigo wenyewe, siyo sampuli, aiwashe mbele yako. Muulize tyubu inaingiza umeme upande mmoja au pande zote mbili. Asiyeweza kujibu hapohapo asipande ngazi yako. Dai leseni yake ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na risiti ya EFD yenye jina la biashara. Choki zikitolewa ni mali yako, zibaki kwako.

Waliokwisha kufungiwa: zimeni breka ya taa, msibadilishe tyubu wenyewe, na kamwe msirudishe tyubu ya zamani kwenye fitingi iliyong'olewa choki. Mwiteni fundi mwenye leseni apime kila fitingi na aandike juu yake kwa maka peni jinsi ilivyoungwa. Tyubu na kadi zao msitupe. Zipelekeni Tume ya Ushindani au TBS (Shirika la Viwango) pamoja na ile risiti ya mkono na ujumbe wa malipo ya simu, maana jina la aliyepokea hela limo humo.