SpliceAI Lookup: nimeitumia miezi kadhaa, maoni yangu haya

Kama unafanya kazi za jeni na hujawahi kuifungua SpliceAI Lookup, tovuti ya Broad Institute (taasisi ya utafiti ya Marekani), ifungue leo leo. Ni bure, hakuna kujisajili, unabandika badiliko lako la DNA, unachagua hg19 au hg38 (matoleo mawili ya ramani ya DNA ya binadamu), majibu hayo. Mi naipa nyota 4.

Kazi yake ni kukisia seli itakata wapi RNA, yaani nakala ya jeni, maana vipande vya katikati (introni) vinakatwa na vinavyobaki vinaunganishwa. Introni karibu zote zinaanza na herufi GU zinaishia na AG, sasa GU na AG si zimejaa kila kona ya jeni, seli inajuaje hii ndo yenyewe na ile siyo? Hapo ndo napoipendea, maana SpliceAI yenyewe, programu inayoendesha tovuti hii (ilitoka 2019, kazi ya watu wa kampuni ya Illumina), haiishii kwenye herufi mbili, inasoma mpaka herufi 10,000, elfu 5 kila upande, halafu inakupa namba 4 kati ya 0 na 1 za dona (pa kukata mwanzo wa introni) na aksepta (pa kukata mwisho wake): dona imepotea, dona mpya, aksepta imepotea, aksepta mpya. Ikifika 0.2 naanza kuangalia vizuri, 0.8 kwenda juu siichezei.

Naitumia sana kwenye beta-globini (jeni la sehemu ya hemoglobini) kwasababu thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, huku Omani tunaishi nayo. Chukua badiliko la IVS1-5 G>C (G imekuwa C) ambalo ndo limeenea huku. Ni herufi moja tu, ya tano ndani ya introni, lakini U1, kifaa cha seli kinachoitambua dona, haishiki tena vizuri pale, dona inalegea, na seli inaanza kukata kwenye sehemu 3 za jirani ambazo siku zote zilikuwa zimelala. Pale pa kawaida bado inakata ila kidogo, hemoglobini inapungua, na mtoto akirithi kwa baba na kwa mama anaweza kuongezewa damu maisha yake yote.

Sasa hiyo "kidogo" ni kiasi gani? Haikuambii, na hili linanikera kweli. Wala haijui ni seli ya damu au ya ubongo, wakati protini zinazoelekeza mkato zinatofautiana. Pangolin, programu nyingine ya kazi hii hii, nayo imewekwa hapo hapo ila ilifunzwa kwa moyo, ini, ubongo na korodani, damu haimo jamani!

Kwa hiyo nikipata 0.5 na kuna familia inasubiri majibu, bado naomba sampuli, tunatoa RNA, tunaisoma wenyewe.