Punje za mreteni kwa gesi ya tumbo: uzoefu wangu wa wiki tatu

Tangu nipate mtoto wa pili tumbo langu limeshika tabia mbaya. Nikila mlo mzito usiku, hasa biriani au viazi karai, linajaa gesi mpaka kulala ubavu kunakuwa kazi. Tangawizi nimekunywa, shamari nimetafuna, bizari nyembamba nimechemsha, na zote zinatuliza kidogo halafu basi. Shangazi yangu aliyekaa Ujerumani miaka mingi ndiye aliyenitajia punje za mreteni, ule mti ambao Waingereza huuita juniper. Kule, anasema, hutiwa kwenye kabichi ya kuchachusha na nyama ya porini, na mlo ukilemea watu huzinywa kama chai.

Nilianza vibaya. Duka la kwanza nililoingia hapa mjini waliniuzia unga kwenye kijaluba cha plastiki, shilingi 350, rangi ya vumbi, hauna harufu yoyote. Niliutumia siku tano nikawa kama nimekunywa maji ya mbao. Niliporudi kuuliza, nikaambiwa dawa ya miti haina haraka. Nilikasirika sana, kwa sababu si suala la haraka. Nguvu ya punje hizi iko kwenye mafuta yake, na mafuta yenyewe ni ya kupaa. Zikisagwa zikakaa rafuni miezi, kinachobaki ni maganda. Isitoshe, unga huwezi kujua umetoka mti gani.

Na hilo la mti ni kubwa. Mreteni wenyewe, Juniperus communis, ni wa nchi za baridi: Ulaya, Asia, Amerika ya Kaskazini. Sisi huku Kenya tuna nduguye, mtarakwa, ule wa milimani unaotoa nguzo za ua na mbao za penseli. Huo ni Juniperus procera, mti mwingine. Kuna na ndugu wa tatu, Juniperus sabina, ambao ni sumu. Waarabu nao wana neno ar'ar, na neno hilo moja hubeba zaidi ya mti mmoja. Kwa hiyo mwenye duka akikwambia jina la mtaani tu, muombe akuonyeshe pakiti aliyopokea, na neno la pili la Kilatini lisomeke "communis".

Mara ya pili nilikwenda soko la Markiti, kwa mzee mmoja muuza viungo ambaye mamangu hununua kwake iliki na mdalasini. Alikuwa nazo nzima, kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana. Alinitilia moja kiganjani. "Ivunje, mwanangu, kisha unuse." Niliibana kwa kucha. Ilikuwa laini kidogo ndani, yanata, na harufu ikapanda palepale: msonobari, pilipili manga, na kama ganda la limau lililokwaruzwa. Nje ni bluu ya kuelekea weusi, na juu ina vumbi jeupe kama la zabibu. Kwenye ncha yake utaona mistari mitatu imekutana kama nyota ndogo. Wataalamu wanasema hili si tunda hasa, ni koni kama ya msonobari iliyonona, na hiyo nyota ni pale magamba yake matatu yalipoungana. Mtini hukaa kijani kwanza, na huchukua miaka miwili hadi mitatu kuiva. Nililipa shilingi 400 kwa gramu 50, na sikujuta.

Jinsi ninavyotengeneza: kijiko kimoja cha chai cha punje, naziponda kwenye kinu papo hapo, natia kikombeni, namimina maji yanayochemka na kufunika na kisahani dakika kumi. Kisahani hicho msikidharau. Siku ya kwanza nilizichemsha kwenye sufuria iliyo wazi, jiko zima likanukia, jirani akauliza ninapika nini, na kikombeni nikabaki na uchungu mtupu. Mafuta yote yalikuwa yamekwenda na mvuke.

Ladha yake ni chungu na kali, asali kidogo inaiweka sawa. Usiku wa tatu ndipo nilipoona tofauti. Kama nusu saa baada ya kunywa nilicheua mara kadhaa, lile puto lililokuwa limejaa chini ya mbavu likashuka, nikalala. Imekuwa hivyo siku nyingi, si zote. Kiungulia hakikuguswa kabisa, na kwa hilo nimerudi kwa daktari. Jambo jingine nililoliona ni mkojo: nilikuwa naamka usiku mara mbili, mpaka nikahamisha kikombe kikawa mara baada ya magharibi. Hiyo ndiyo kazi yake ya pili inayojulikana toka zamani. Mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya inaitambua kwa mambo hayo mawili, gesi na tumbo lisilosaga vizuri, na kuongeza mkojo ili kusafisha njia yake kwenye matatizo madogo. Inaitambua kwa sababu ya matumizi ya miaka mingi, si kwa majaribio makubwa ya hospitali. Anayekuuzia kwa kuvunja mawe ya figo au kuponya sukari, muache na bidhaa yake.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Mdogo wangu ana mimba ya miezi sita na miguu ilimvimba. Aliposikia chai yangu inatoa maji mwilini akaja na kikombe chake. Nilimkatalia, akanuna kweli. Mreteni haupewi mjamzito, unahofiwa kuchokoza kizazi. Na miguu kuvimba kwa mjamzito haitaki chai, inataka kupimwa presha. Nilimpeleka kliniki asubuhi yake, presha ikakutwa imepanda, akapewa dawa na tarehe ya kurudi wiki hiyohiyo. Kama ningemmiminia kikombe tungeona miguu imepungua tukakaa kitako.

Mwenye ugonjwa wa figo pia asiuguse, na anayekunywa vidonge vya kukojoza kwa ajili ya presha au moyo amuulize daktari kwanza. Hakuna hata moja kati ya maduka mawili niliyonunua iliyoniuliza maswali haya. Mzee wa Markiti nilimrudia nikamwambia, akanisikiliza vizuri.

Wengine wameniuliza kama ni halali, kwa sababu pombe ya gin hupata ladha yake hapa. Punje kavu haina kilevi. Ni kiungo, na wanaotengeneza gin wamekitumia kama wanavyotumia giligilani.

Wajerumani wameweka kiwango cha gramu 2 hadi 10 kwa siku, na si zaidi ya wiki nne bila daktari. Mimi sijavuka gramu 4. Wiki ya tatu imeisha jana, nimefunga kopo na nimeliweka kabati la juu, mbali na watoto. Nitaupumzisha mwili mwezi mzima, kisha Idi ikija na biriani yake nitalifungua tena.