Waya za meno Upanga: tathmini ya kliniki iliyopima nguvu kabla ya kukaza

Nimevaa waya za meno kwa miezi 11 sasa: mitano ya kwanza katika kliniki moja ya Kinondoni, Dar es Salaam, na sita iliyofuata katika kliniki nyingine iliyopo Upanga, ghorofa ya pili. Majina ya kliniki zote mbili nimeyaacha kwa makusudi. Ninachokitathmini hapa ni kazi yenyewe, na hasa jambo ambalo sisi wagonjwa hatuna mazoea ya kuliuliza tukishaketi kwenye kile kiti cha kulala: jino linavutwa kwa nguvu kiasi gani?

Kliniki ya Kinondoni ilikuwa safi, wahudumu wake wachangamfu na bei yake nafuu. Kasoro yake ilikuwa mkono mzito. Kila nilipohudhuria, daktari alikaza waya mpaka machozi yakanilengalenga, na nilipolalamika alinijibu, "Vumilia, dada, ukiona linauma ujue linatembea." Nikavumilia. Kwa siku nne au tano baada ya kila hudhurio sikuweza kugusanisha meno ya juu na ya chini, nikawa mtu wa uji na mtori, wenzangu ofisini wakila wali maharage mbele yangu. Hata hivyo chonge yangu ya juu kulia, iliyotakiwa kurudi nyuma ili izibe pengo la jino lililong'olewa, ilibaki palepale wiki hata wiki. Kilichosogea ni magego, ambayo kazi yake ilikuwa kutulia na kuwa nanga. Hayo ndiyo yaliyokuja mbele na kulila pengo kwa upande usiotakiwa.

Daktari wa Upanga, mama wa makamo asiye na haraka, alitumia karibu nusu saa ya hudhurio la kwanza kunieleza sababu, bila hata kugusa kinywa changu. "Jino si msumari kwenye ubao, mwanangu," alisema. Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna utando mwembamba, unene wake kama robo ya milimita, uliojaa nyuzinyuzi na mishipa midogo sana ya damu. Jino likivutwa, utando huo hubanwa upande mmoja na kunyooshwa upande wa pili. Ukibanwa kwa upole, damu huendelea kupita, na chembe zinazomumunya mfupa, ziitwazo osteoklasti, hujipanga ukutani na kuanza kazi yao, huku upande ulionyooshwa ukijengwa mfupa mpya. Ukibanwa kupita kiasi, mishipa hufunga, sehemu hiyo ya utando hufa, na chembe za kufanya kazi hiyo hukosekana. Hapo mwili hulazimika kuufukua mfupa kutokea ndani, nyuma ya eneo lililokufa, na mpaka eneo hilo lisafishwe jino husimama tu, mara nyingi kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Ukikazwa tena kwa nguvu ileile kila mwezi, kama nilivyokuwa nikifanyiwa, unaurudia mzunguko huo huo.

Jambo hili si geni katika fani yao. Mwaka 1932 daktari wa meno A. M. Schwarz alipendekeza kwamba nguvu isizidi shinikizo la damu ndani ya mishipa hiyo midogo, yaani gramu 20 hadi 26 kwa kila sentimita ya mraba ya mzizi. Mwaka 1952 Storey na Smith, watafiti wa Australia, walionyesha yaleyale yaliyonipata mimi: nguvu ya wastani husogeza chonge, ilhali nguvu kubwa huiacha chonge mahali pake na kuyavuta magego yaliyoishikilia.

Sehemu iliyonishawishi kabisa ni kipimo. Daktari alichukua kifaa chembamba kama kalamu, chenye springi ndani na ndoano nchani, akakinasa kwenye springi iliyokuwa ikivuta chonge yangu na kuniinulia kioo nisome mwenyewe: kilizidi gramu 200. Akaitoa springi ile, akaiacha chonge ipumzike kwa waya laini ya nikeli na titani, aina iliyotokana na utafiti wa maabara ya jeshi la majini la Marekani, ambayo sifa yake ni kusukuma kwa nguvu ndogo isiyopungua haraka. Akayafunga magego kwa waya inayopita kwenye kaakaa. Baada ya miezi miwili akaweka springi mpya, akapima tena, na safari hii kipimo kilisoma gramu 100 na kidogo. Pengo lilikuwa milimita 5; leo, miezi minne baadaye, ni milimita 1 na nusu.

Kuhusu maumivu, nisidanganye mtu kwamba yamekwisha. Jino haliwezi kusogea bila mchochota kidogo ndani ya ule utando, kwa kuwa kemikali zinazoleta maumivu, prostaglandini zikiwemo, ndizo pia zinazoziita chembe za kumumunya mfupa. Kwa hiyo bado nahisi meno yakipwita saa chache baada ya hudhurio, hufikia kilele kesho yake, kisha hupoa. Tofauti ni kwamba siku ya tatu nakula ugali. Daktari alinishauri nitumie parasetamoli badala ya ibuprofeni, kwa sababu ibuprofeni huzuia prostaglandini na inaweza kupunguza kasi ya jino. Alikiri pia kwamba watu hutofautiana sana, na kwamba wapo wanaoumia kwa nguvu ndogo na wapo wasiosikia kitu kwa nguvu kubwa. Ndiyo maana mwendo wa jino haupimwi kwa machozi ya mgonjwa. Picha ya eksirei ilionyesha ncha za mizizi yangu miwili zimekuwa butu kidogo, athari ambayo nguvu kubwa huiongezea uwezekano, na ameahidi kuipiga tena ili alinganishe.

Nimekulia Arusha, na meno yangu yana yale madoa ya kahawia ya floraidi, madini yaliyo mengi kwenye maji ya huko; meno ya namna hiyo hufanya gundi ya vifungo vinavyoshika waya ishike kwa shida. Kinondoni vilibanduka mara tatu. Upanga kimebanduka kimoja tu, na hicho ni kosa langu na mahindi ya kuchoma ya Coco Beach, ingawa bado naona ada ya kukirudisha ilikuwa kubwa mno.

Malalamiko mengine ninayo. Miadi ya saa tatu asubuhi humaanisha saa tano, simu ya mapokezi huita mpaka ikakata, na kila hudhurio hugharimu karibu mara mbili ya nilivyokuwa nikilipa Kinondoni. Ukiweza, omba nafasi ya kwanza ya siku, kabla foleni haijajaa, na ukishakaa kwenye kiti mwombe daktari akuonyeshe kipimo kinasoma ngapi. Wangu hajawahi kunikatalia.