English Grammar in Use ya Murphy: kama in, on na at zinakuvuruga, anzia nyuma

Hiki kitabu cha Raymond Murphy, kile cha bluu cha Cambridge, wengi wanakifungua somo la kwanza, wanahangaika na nyakati za vitenzi mpaka wanachoka, basi kinarudi kabatini. Mi nakwambia kama shida yako ni vihusishi, yaani hivyo vineno vya in, on na at, ruka moja kwa moja mpaka somo la 121. Toleo la tano, la 2019, lina masomo 145 na vihusishi viko 121 hadi 136, na si lazima ufuate mpangilio, hata chenyewe kinasema hivyo.

Kizuri chake anaweka vile vinavyochanganya pamoja, ukurasa wa kushoto maelezo, wa kulia mazoezi. Somo la 122 peke yake linarudisha hela yako: on time ni kufika muda uleule uliopangwa, in time ni kuwahi kabla mambo hayajaharibika, halafu at the end ni mwisho wa kitu, mwezi au mechi, ila in the end ni hatimaye, yaani baada ya vuta nikuvute yote. Na 126 ndo dawa yetu kabisa, maana sisi ukishasema mjini umemaliza, uko mjini, umefika mjini, umetoka mjini, neno halibadiliki, ndo mtu anaandika arrive to Dodoma bila wasiwasi. Murphy anakata: mji au nchi ni arrive in, stesheni au ofisini arrive at, na enter haitaki kitu, enter the room imetosha. Basi au treni ni get on, gari dogo get in. Bajaji hajaigusa, mi naiweka kwenye get in, anayebisha abishe.

Kuanzia 129 utamu unapungua, ni kukariri tu good at, married to, depend on, sababu hupewi, ingawa sidhani kama ipo ya kupewa.

Halafu kimeandikwa Kiingereza mwanzo mwisho na ni cha kiwango cha kati, kama bado unababaisha anza na kile chekundu, Essential, ni cha Murphy huyohuyo. Mifano nayo ni ya Uingereza, at the weekend, wakati Wamarekani wanasema on the weekend, so usikimbilie kumsahihisha mtu.

Ukinunua angalia iwe ile yenye majibu nyuma, maana ipo isiyo nayo, na kama huna mwalimu hiyo utajisahihishaje.