TAHADHARI: Anayeuza Hyper Ball na ubani wa Pokémon GO hapa Lubumbashi anatafuta Gmail zenu

Wandugu wa L'shi mnaocheza Pokémon GO, ule mchezo wa simu wa kutembea mitaani ukikamata viumbe vya kubuni viitwavyo Pokémon, na ninyi wazazi ambao watoto wenu wanazunguka mjini simu mkononi: kuna mtu anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akijitangaza kuwa muuzaji wa jumla wa mipira ya kukamatia Pokémon. Msimtumie hata franka moja. Tangazo lake limepangwa vizuri, picha ina rangi, bei zinavutia: Hyper Ball 500 kwa franka elfu ishirini, ubani kumi kwa elfu nane, Master Ball tano kwa "promosheni ya wikendi". Katika orodha nzima hakuna hata kitu kimoja anachoweza kukupa.

Mimi ni fundi wa simu katika commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na waliomwamini wanaishia mezani kwangu. Wanakuja wakisema simu imeharibika. Simu ni nzima. Neno la siri la Gmail ndilo limebadilishwa, namba ya kurudishia akaunti imebadilishwa, na mwenye simu amefungiwa nje ya barua pepe yake, picha zake na namba za watu wake wote. Mmoja wao Gmail hiyo hiyo ndiyo aliyojiandikishia chuoni. Kwake Pokémon ilikuwa hasara ndogo kuliko zote.

Sasa sikilizeni kuhusu mipira yenyewe, maana hapo ndipo uongo unapoonekana wazi. Kwenye simu nyingi za kwetu mchezo uko kwa Kifaransa, basi natumia majina hayo. Poké Ball, Super Ball, Hyper Ball, matunda ya Framby na Nanana, Encens ambao ndio ubani wa kuvuta Pokémon, Module Leurre ambacho ni chambo cha kuweka kwenye PokéStop, zile sehemu za mjini ambapo mchezo unakupa vifaa: vyote vinakaa ndani ya begi la mchezaji na haviwezi kuhamia begi la mchezaji mwingine. Mchezo haukuweka mlango huo. Tangu Juni 2018 wachezaji wanaweza kubadilishana Pokémon, lakini vifaa, hapana. Kinachokaribia ni zawadi unayookota PokéStop na kumtumia rafiki, na hata hiyo anayeituma hachagui ndani kuna nini. Kwa hiyo anayekuuzia Hyper Ball za begi lake ni kama anayekuuzia miaka ya umri wake. Hata angekuwa mkweli, atakupaje?

Orodha yake mwenyewe inamsaliti. Ameandika "Honor Ball 100". Aliyewahi kupigana raid, yaani vita dhidi ya Pokémon mmoja mwenye nguvu sana, hata mara moja anajua kwamba Honor Ball unapewa pale pale baada ya kumshinda Pokémon wa raid, unazirusha kwake tu, na zinazobaki zinapotea. Hakuna anayeziweka akiba. Master Ball nayo, ile isiyokosa, ilianza kutolewa mwaka 2023 kupitia kazi maalumu za utafiti ndani ya mchezo, na wachezaji wa muda mrefu wanazo za kuhesabu kwa vidole. Yeye anaonyesha picha ya begi lenye Master Ball mia tatu. Picha hiyo mtoto yeyote mwenye programu ya kuhariri anaitengeneza akisubiri basi.

Namna anavyoingia ni hii. Kwanza ni mpole sana: "Yaya, tuma makuta, mipira inaingia leo leo, niko na stoki." Ukishatuma kwa mobile money, anakuambia mipira iko tayari lakini lazima "aipakie" mwenyewe, hivyo anahitaji anwani ya Gmail unayochezea na neno lake la siri. Ukimpa, Google inakutumia kode kwenye simu yako kwa sababu mtu anajaribu kuingia kutoka mahali pageni. Hapo hapo anaandika: "Umeona kode? Hiyo ni kode ya kuthibitisha mipira, nitumie haraka, inakufa." Kode hiyo ndiyo bidhaa aliyokuja kununua, na wewe ndiye umemlipa aichukue.

Baada ya hapo wengine anawazuia kimya kimya. Wengine anawarudia na bei mpya, franka elfu hamsini "za kufungua akaunti". Nimeona mtu amelipa, na akaunti haikufunguliwa. Akaunti zenye kiwango cha juu na Pokémon adimu anaziuza kwa mchezaji mwingine, ambaye naye atazipoteza siku moja, kwa kuwa masharti ya mchezo yanakataza kuuza, kununua na kuchangia akaunti.

Kuna na bidhaa yake ya pili, ambayo mimi naiogopa zaidi: faili la APK, yaani faili la kuweka programu kwenye simu ya Android, analolituma kwa WhatsApp akisema ni "Pokémon GO yenye mipira isiyoisha". Hesabu ya mipira yako haiko ndani ya simu. Iko kwenye seva za kampuni ya mchezo, kwa hiyo programu unayoweka simuni haina uwezo wa kuongeza hata Poké Ball moja. Inachoweza ni kufanya mengine. Mwezi Julai 2016, mchezo ulipokuwa na siku chache tu tangu utoke, watafiti wa usalama wa Proofpoint walikuta APK ya Pokémon GO iliyopachikwa DroidJack, chombo kinachompa mtu wa mbali uwezo wa kuitawala simu yako. Anayelipia kila kitu kwa mobile money, afikirie mara mbili simu yake ikisomwa na mtu mwingine. Na hata APK isiyo na sumu, kama inadanganya GPS au kubadilisha mchezo, inakuletea adhabu ya hatua tatu: kwanza onyo la kama siku saba, halafu kufungiwa siku 30, halafu kufutwa moja kwa moja. Kumwandikia mtengenezaji kwamba "niliuziwa" hakukusaidii kitu.

Najua kwa nini watu wanamsikiliza. PokéStop zinawekwa kwenye makanisa, sanamu, majengo ya kihistoria, michoro ya ukutani. Anayekaa mbali na vitu hivyo anarusha mipira kumi na begi linakauka, na kutembea mpaka mjini ni tiketi ya basi na mega za intaneti. Lakini mipira ya bure ipo. PokéStop moja inazungushwa tena kila baada ya dakika tano. Marafiki wa mbali wanakutumia zawadi, na humo mara nyingi kuna mipira. Ule ubani wa bure wa kila siku, ulioanza 2022, unadumu dakika 15, na mipira ikikuishia wakati unautumia unapewa 30. Pokémon wako akilinda gym, kituo cha mapambano ndani ya mchezo, unapata Poképièce moja, yaani sarafu ya mchezo, kila dakika kumi, mwisho 50 kwa siku, na unazipokea akishashindwa na kurudi kwako. Dukani ndani ya mchezo Poké Ball 20 ni Poképièces 100. Siku mbili nzuri za gym, umeshanunua.

Na kabla ya kulilia Super Ball, jifunzeni kuzungusha mpira kidoleni kabla ya kurusha. Kwa hesabu ambazo wachezaji wamezifanya kwa miaka, Super Ball inazidisha nafasi ya kukamata kwa 1.5, na mpira uliozungushwa hivyo, unaopinda ukiurusha, unazidisha kwa 1.7. Poké Ball ya kawaida iliyopindwa vizuri inaipita Super Ball iliyorushwa moja kwa moja. Ongeza tunda la Framby, nalo 1.5 nyingine. Hiyo hakuna atakayekuuzia.

Anayetaka kulipa pesa, alipe ndani ya mchezo wenyewe, kwenye dirisha la malipo la Google au la Apple, au kwenye duka rasmi la mtandaoni la Pokémon GO. Huko hakuna mtu atakayekuomba neno la siri kwa WhatsApp. Kode rasmi za zawadi nazo zinatolewa bure na wenye mchezo. Anayekuuzia kode ya zawadi ni yule yule au ndugu yake.

Kama umeshampa neno la siri na bado unaweza kuingia kwenye Gmail, usimalize kusoma hapa kwanza. Badilisha neno la siri sasa, nenda sehemu ya usalama ya akaunti ya Google, toa vifaa vyote usivyovijua, angalia namba na barua pepe za kurudishia akaunti kama ni zako, washa uthibitisho wa hatua mbili. Kisha fungua mipangilio ya mchezo uone kama hakuna akaunti nyingine ya kuingilia iliyounganishwa. Kama ulimtajia PIN ya mobile money, ibadilishe, halafu mpigie mtoa huduma wako kwa namba yake ya kawaida, si ile aliyokupa huyo muuzaji.

Uliyefungiwa nje kabisa, tumia ukurasa wa Google wa kurudisha akaunti ukiwa kwenye simu ile ile na intaneti ile ile uliyozoea kuitumia, inasaidia kukutambua. Usifute mazungumzo yake. Code du numérique yetu, sheria ya Kongo ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa makosa ya mtandaoni, na atakayekwenda kushtaki atahitaji picha za mazungumzo na ujumbe wa malipo wenye tarehe na saa.

Namba yake siiandiki hapa. Anabadilisha kadi kila mara, na ile ya jana inaweza kuwa leo ya mama anayeuza unga sokoni. Mtambueni kwa orodha yake: ukiona Honor Ball inauzwa, ni yeye.