Paperless-ngx, programu ya kutunza makaratasi kwenye kompyuta, ofisini kwetu Kirumba, Mwanza, maoni yangu baada ya kuitumia

Sisi tunasafirisha dagaa na kayabo toka Mwaloni, sasa makaratasi yake jamani, leseni, vibali, delivari noti, risiti za EFD, na mnajua risiti ya EFD ukiitupia kwenye faili ukaisahau maandishi yanafutika unabaki na karatasi nyeupe, wakati kumbukumbu za kodi unatakiwa uzitunze miaka 5.

Mwanzo tulikuwa na mfumo wa kulipia kila mwezi, mtandao ukikata kazi imesimama, halafu tulipotaka kuhama tukaambiwa kutoa mafaili yetu wenyewe ni hela nyingine 😡 Kabla hujalipia popote uliza hilo, siku nikiondoka natokaje na vitu vyangu?

Paperless-ngx ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yetu hapa hapa ofisini. Unaskani karatasi, yenyewe inasoma maandishi, unabandika lebo, kesho ukiandika namba ya gari tu inakuletea delivari noti yake, yani raha. Kiswahili inabidi uiongezee mwenyewe, na mwandiko wa kalamu usiutegemee kabisa.

Shida ni kuifunga kwenye kompyuta mara ya kwanza, hapo tafuta kijana anayeijua Docker (programu ya kuendeshea programu kama hizi) usijitese. Na bakapu ni juu yako, mimi naweka kwenye diski naenda nayo nyumbani Nyegezi kila Ijumaa, mama watoto ashaanza kuuliza nabeba nini.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ile siku ya kuifunga.